Mashua ni ya Nani? Maadili na Historia Yake katika Ufuo wa Ziwa Victoria

Alfajiri, mashua za omena, yaani dagaa, zinapotia nanga katika fuo za Kisumu, Siaya na Homa Bay, wanawake wanaosubiri na mabeseni huwa wengi kuliko samaki wanavyoweza kuwatosha. Hapo ndipo ilipoota jaboya: mchuuzi huuziwa kwanza, au huuziwa tu, akikubali kulala na mvuvi. Pesa ya samaki hulipwa vilevile. Wahubiri wameikemea, wahudumu wa afya wameitaja miongoni mwa njia za kueneza Ukimwi, nayo haijakoma. Mada hii inaliangalia suala la maadili kutokea hapo ufuoni: desturi ambayo hata wanaoifuata huionea haya huzaliwaje?

Wepesi wa kulaumu husema mila zimeoza. Historia ya ziwa inasema mengine. Sangara, ambaye huku ni mbuta, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, enzi ya ukoloni. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza samaki wengi wa asili, na viwanda vya minofu ya kuuzwa Ulaya vikafunguliwa Kisumu. Malori ya barafu yakafika ufuoni kumchukua. Wanawake waliozoea kukausha na kuuza samaki wa ziwa lao wakaachiwa omena na mgongo wazi, yaani mifupa iliyokwisha kukatwa minofu. Mashua na nyavu, tangu zamani, ni za wanaume. Anayeuza akawa na kila kitu, anayenunua akabaki na mwili wake.

Je, basi maadili ni kivuli cha uchumi tu? Hapana, na mtu wa kumsikiliza hapa ni Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyezaliwa Ugenya. Kuanzia miaka ya 1970 aliwaendea wazee vijijini, akawauliza mila inasema nini, kisha akawauliza wao wenyewe wanaonaje. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, alieleza kwamba ujamaa wa Waluo haukuwa kugawa mali ovyo: mwenye ng'ombe alimkabidhi asiye nao awatunze na afaidike nao, lakini ng'ombe walibaki wake. Huyo ni mtu anayeipima mila kwa akili, akitenganisha wema na uzembe.

Oruka huyohuyo alitoa ushahidi katika kesi iliyoishughulisha Kenya nzima. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Waluo, ukadai azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Lakini hoja za Wambui hazikuzikwa. Nani ana haki ya kuamua: mke, ukoo, au marehemu mwenyewe alipokuwa hai? Katiba ya 2010 inaitambua mila, kisha inabatilisha sheria yoyote ya kimila inayoipinga Katiba.

Tero, yaani kurithiwa kwa mjane, inaonyesha mwendo huohuo wa kuipima mila, kwa uchungu zaidi. Ilikusudiwa kumpa mjane ulinzi na kulilinda boma la marehemu. Ukimwi ulipofika, wengi waliuona ugonjwa wa kukondesha kuwa chira, adhabu ya kuvunja mwiko, hivyo wakazidi kushika desturi iliyowaambukiza. Nia ya kumlinda mjane ilikuwa njema. Njia ndiyo iliyogeuka hatari. Wajane waliokataa kurithiwa, wakivumilia kutengwa, hawakuyaacha maadili. Waliyatetea dhidi ya umbo lake la zamani.

Tukirudi kwenye jaboya, mfano wa kutia moyo uko Nduru, kusini mwa mji wa Kisumu. Kuanzia mwaka 2011 hivi, kikundi cha wanawake kilisaidiwa na wafadhili wa Marekani kupata mashua zao, na wanaume wakaajiriwa kuvua. Samaki ni wa mwenye mashua, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumbembeleza mvuvi. Mahubiri ya miaka mingi hayakuwa yameleta hilo. Kisha mafuriko ya 2020 yakaufunika ufuo, na waliopoteza makao wakapoteza pia sehemu ya uhuru waliokuwa wameupata. Ingefaa kuzitaka kamati za usimamizi wa fuo, ambamo wachuuzi wanawake wamo, ziweke kanuni ya wazi kuhusu nani huuziwa kwanza, na kwa bei gani, ili haki ya mchuuzi isitegemee mashua ya msaada.