Chuma cha Gita na Kucha Zake Vikae Karibu na Mkono

(Mazungumzo ya mpiga gita wa kikundi mbele ya wanachama na vijana wa bendi)

Nimepewa dakika chache, nami nataka kuongea juu ya vitu vidogo ambavyo vikipotea gita letu linabaki ubao wenye nyuzi.

Mnalijua gita letu la kulala. Halishikwi kifuani kama yale mengine. Linalazwa mapajani, nyuzi zikitazama juu. Mkono wa kushoto unatelezesha chuma cha mviringo juu ya nyuzi bila kuzigandamiza. Mkono wa kulia unadonoa kwa kucha tatu, yaani moja ya plastiki kwenye kidole gumba, na mbili za bati kwenye vidole viwili vinavyofuata. Ile sauti ya kulialia mnayoisikia katika nyimbo za kantri redioni inatoka kwa magita ya ukoo huu.

Sasa niwape kisa, ingawa si cha kujisifu. Tulialikwa matangani kwa mzee mmoja aliyekuwa mwanachama mwenzetu. Mjane wake aliomba wimbo mmoja tu, upigwe wakati jeneza linashushwa. Mimi chuma nilikuwa nimekitia katika mfuko wa koti. Jua lilipokuwa kali nikavua koti, nikampa kijana anishikie. Kijana akatumwa dukani kuleta soda, akaenda na koti langu begani.

Nilipoketi na kuvaa kucha, mkono wa kushoto haukuwa na kitu. Nikataka kutafuta katika begi la gita, na hapo nikajua kwamba mtu aliyevaa kucha hawezi hata kushika zipu. Ukizivua utafute, unaziweka wapi? Niliziweka kwenye nyasi, moja nikaikanyaga. Mwishowe dereva wa pikapu akaniletea soketi ya spana. Nikapiga, lakini jeneza lilikuwa limekwisha fika chini. Yule mama hakuninung'unikia. Afadhali angeninung'unikia.

Soketi yenyewe si aibu. Gita hili lilianza huko Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa 1874 katika kisiwa cha Oahu. Husimuliwa kwamba akiwa kijana alijaribu kutelezesha vitu vya kawaida juu ya nyuzi. Wengine husema ilikuwa bolti, wengine kitana, wengine kisu. Baadaye akajitengenezea chuma laini cha kufaa kazi hiyo, na mwaka 1904 akaondoka kwenda Marekani bara kulipiga mbele ya watu. Kwa hiyo soketi hupiga. Lakini yangu ilikuwa na mikwaruzo, na kila mkwaruzo ulisikika kwenye spika.

Tena, kuna makanisa ya House of God huko Marekani, yaliyoanzishwa 1903 na mama mmoja, Mary Magdalena Tate. Humo gita hili limepigwa ibadani tangu miaka ya 1930, kazi iliyoanzwa na ndugu wawili, Troman na Willie Eason. Mhubiri akipandisha sauti, gita linamjibu papo hapo. Sasa niambieni, mpigaji wa namna hiyo atamwomba mhubiri angoje kwanza atafute kucha zake?

Baada ya matanga yale nilikwenda kwa fundi wetu wa mbao. Alinitengenezea kisanduku kisicho na kifuniko, kina cha vidole vinne, tukakipigilia kwa skrubu ubavuni mwa kiti changu, upande wa kushoto. Ndani nimetandika kipande cha sweta kuukuu. Chuma kinalala humo. Kina uzito usiofika robo kilo, lakini kikianguka kwenye saruji kinapata kijino, na kijino hicho kitakwaruza nyuzi siku zote. Msikilaze juu ya gita. Kitabingirika, na kama spika imewashwa mtaruka wote.

Kucha zinakaa kulia, katika mkebe mdogo wa rangi ya viatu uliooshwa vizuri kwa maji moto na sabuni. Mkebe huo unafunguliwa kabla ya kuvaa chochote. Kama kuna watoto, usiache wazi, maana ukucha wa plastiki unameza kirahisi. Jasho nalo linaharibu chuma, kwa hiyo kitambaa kikavu kinakaa humo humo kisandukuni, na tukimaliza napangusa chuma kwanza, hata kabla ya kusalimiana na watu. Kisha nahesabu kwa sauti: chuma kimoja, kucha tatu. Vijana hunicheka. Wacheke tu, mradi wahesabu nami.

Jambo la mwisho ni la mweka hazina. Naomba kikundi kinunue chuma cha pili na kucha za akiba, na ziandikwe katika daftari la mali kama tulivyoandika sufuria na viti. Hizo za akiba nisizishike mimi. Azishike mama mweka hazina, kwa sababu yeye hampi mtu koti lake.

Kiti nimekuja nacho, kiko pale mlangoni. Njooni mkione, na kila mmoja wa bendi akae ajaribu kufikia chuma akiwa amefumba macho.