Jua la Usambara na Kidonge cha Gulioni

Msikilizaji uliye Mtae, Shume au Magamba, unaijua Julai ya kwenu. Ukungu haujaondoka saa nne asubuhi, na watu wanapalilia karoti wamevaa masweta. Sasa katika baridi hiyohiyo imeingia habari nyingine. Kwamba watu wa milimani hawapati jua, kwa hiyo wamepungukiwa na vitamini D, kwa hiyo saratani inawanyemelea, kwa hiyo wanunue vidonge. Habari hii inazunguka kwenye makundi ya simu, na magulioni wauzaji wanaitangaza kwa kipaza sauti. Ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umebebeshwa mzigo usio wake.

Ukweli wenyewe unavutia. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Ini huibadili, figo huimalizia, na kinachotoka figoni ni homoni kamili. Homoni hiyo huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha huziamsha jeni fulani na kuzinyamazisha nyingine. Baadhi ya zinazoamshwa kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani waliziwekea homoni hii seli za saratani ya ngozi maabarani, na kasi ya kukua ikapungua. Mwaka huohuo Wajapani waliijaribu kwenye seli za saratani ya damu za panya. Seli zile zikaanza kukomaa na kufanana na seli za kawaida za kinga. Unaweza kuifikiria homoni hiyo kama breki ya lori la kabichi linaposhuka kutoka Soni kwenda Mombo.

Hapo ndipo muuzaji wa gulioni anapoishia. Utafiti haukuishia hapo.

Sahani ya maabara haina figo wala mifupa. Dozi iliyozizuia seli zile ilikuwa kubwa kuliko kiasi ambacho damu ya mtu hubeba kwa kawaida. Ukimpa mgonjwa homoni hiyo kwa wingi, kalsiamu hupanda kwenye damu, akashikwa na kiu, akatapika, na figo zikaanza kuumia. Tena seli za saratani ni jeuri. Nyingine huzalisha kwa wingi kimeng'enya kinachoivunja homoni hiyo kabla haijafanya kazi. Nyingine hupoteza kipokezi chenyewe, homoni ikafika ikakosa pa kushika.

Ikabidi waulizwe watu wenyewe. Katika jaribio la Marekani liitwalo VITAL, lililoongozwa kutoka hospitali moja ya Boston, watu 25,871 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa vitamini D uniti 2,000 kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa zaidi ya miaka 5. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliougua saratani kati ya waliomeza vitamini walikuwa 793, na upande wa pili 824. Tofauti hiyo huwezi kujengea hoja. Waliokufa kwa saratani walikuwa 154 kwa 187, na hapo wanasayansi wameona jambo la kuendelea kulifuatilia, ingawa nalo bado laweza kuwa bahati tu. Mimi ningekuwa muuza vidonge ningezitangaza hizo 154 na kuzimeza hizo 793.

Na kwetu je? Dar es Salaam ilifanya jaribio lake, si la saratani, ila linatuhusu. Watu 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye vitamini D pungufu, waligawanywa vivyo hivyo walipoanza dawa za kufubaza virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: vitamini D haikupunguza vifo, wala kifua kikuu.

Turudi kwenye jua. Watafiti waliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje, wakakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu. Wataalamu wengi huridhika na 50. Hawakuwa wamemeza kidonge chochote. Lushoto iko chini kidogo ya ikweta, na hewa ya mlimani hupitisha miale mingi zaidi kuliko ya pwani, ukungu ukishaondoka. Mkulima anayeshinda shambani mikono wazi hana sababu ya kuhangaika. Wa kuangaliwa ni mzee asiyetoka ndani, mtu anayejifunika mwili mzima mwaka mzima, na mtoto mchanga anayefungwa mablanketi, kwa sababu upungufu wa vitamini D kwa watoto huleta matege. Hao, daktari akiwaandikia vitamini D, wameze.

Lakini neno hili la "ota jua" lisemwe kwa uangalifu. Pale Irente kuna shule ya wasioona ya Kanisa la Kilutheri, ambako wamesoma pia watoto wenye ualbino. Kwao jua lilelile ndilo linaloleta saratani. Ngozi isiyo na rangi hutengeneza vitamini D upesi, na huungua upesi vilevile. Wao wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua, yanayotengenezwa hata hapa nchini, Moshi. Mzazi asimtoe mtoto mwenye ualbino juani eti apate kinga ya saratani. Anampeleka kwenye saratani yenyewe.

Na kama unatafuta kinga ya saratani, ipo ya kweli. Saratani inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na kinga yake inajulikana. Chanjo ya HPV imetolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018. Kwa wanawake wazima upo uchunguzi unaogundua mabadiliko ya seli kabla hayajawa saratani. Wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road wamechelewa, na wengine tayari wametumia fedha zao kwa dawa za mitaani.

Kwa hiyo, mama unayetokwa damu isiyo ya kawaida, baba unayekojoa kwa shida, wewe mwenye uvimbe usiouma: fedha ya vidonge vile igeuze nauli. Anza hospitali ya wilaya Lushoto au hospitali ya Bumbuli, na wakikuandikia rufaa ya hospitali ya Bombo au Ocean Road, nenda wiki hiyohiyo.