Ngozi ya Mbuta na Fundi Aliyekwisha Kujua Kushona

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa Chama, Migosi



Tumepewa nafasi kueleza habari za darasa letu la ngozi. Yafaa tuanze na mikoba ile iliyo juu ya meza, ambayo habari zake wengi mmekwisha kuzisikia. Ni kumi na miwili. Mnunuzi mmoja aliiagiza, tukaipeleka, na baada ya majuma matatu ikarudi yote. Fedha zake zilikuwa zimetengwa kuwa karo ya watoto wa wenzetu wawili.

Ngozi ile ya ng'ombe haikuoza, wala uzi haukukatika. Tulitoboa matundu karibu karibu mno, tukidhani kwamba wingi wa matundu ndio uimara, nayo ngozi ikachanika kwenye mstari wa mshono mfano wa karatasi ya stempu. Tena mikanda ya begani tuliikata tumboni mwa ngozi, mahali palegevu panapovutika, badala ya mgongoni penye nyuzi zilizoshikana. Mkoba uliotoka hapa ukifika kiunoni ulirudi ukigonga magoti.

Wala hatukuwa wanagenzi. Kila mmoja wetu alijua kukata, kutia gundi na kushona, na wengi tumekula jasho letu kwa kupachika soli karibu na soko la Kibuye. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini kiatu kibovu huja na umbo lake, fundi akalifuata. Mkoba mpya hauna wa kumfuata.

Basi mwaka huu tulirudi kuitazama ngozi yenyewe. Iliyodabaghiwa kwa magome ya miwati hukubali kuloweshwa, kufinyangwa na kuchorwa, na ikikauka hutunza umbo lile. Ya kromi ni laini, yafaa kwa mfuko, lakini mchoro haushiki. Zamani tulimwuliza mwuzaji rangi na bei tu! Tulijifunza pia kushona uzi mmoja kwa sindano mbili, zikipishana katika kila tundu: upande mmoja ukikatika, wa pili hushika, ilhali mshono wa cherehani huanza kufumuka.

Sasa tuje kwa mbuta. Samaki huyu aliletwa ziwani mwetu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Viwanda vya minofu vilipoenea Kisumu katika miaka ya 1980, mifupa yake ikawa mgongo wazi, chakula cha watu Obunga na kwingineko, na ngozi zikahesabiwa taka. Leo wapo mafundi mjini humu wanaozidabaghi, na twaona fahari kujifunza kazi hiyo.

Ngozi ya mbuta ni nyembamba, lakini nyuzi zake za ndani zimepishana kama ukili wa mkeka, kwa hiyo haichaniki upesi. Vifuko vya magamba hubaki juu yake, urembo ambao ng'ombe hawezi kuutoa. Hata hivyo haina msamaha. Ingali mbichi, maji ya moto huikunja isinyooke tena. Na mafuta yake yasipotolewa kabla ya kudabaghiwa, harufu hurudi siku ya jua kali, mwenye mkoba akiwa kanisani au ndani ya matatu. Tena ni ndogo. Mkoba mmoja hutaka ngozi kadhaa, nazo budi zipangwe magamba yakielekea upande mmoja, kingo zipunguzwe unene ili kiungo kisivimbe. Hapo ndipo mwenzetu mmoja, fundi wa miaka mingi, alipoiweka sindano chini akaomba penseli na karatasi.

Mikoba mitatu kati ya ile kumi na miwili tumeifumua tukaitengeneza upya, kila mmoja na kipande cha mbuta kifunikoni. Imewekwa upande wa kulia wa meza. Baada ya chai twawaomba mje muivute mikanda yake kwa nguvu zenu zote, hasa vijana.