Amana ya Ulimi Katika Michezo ya Mtandao

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu ulimi na akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni, na naanza kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu. Maudhui ya khutba yetu ya leo ni hifadhi ya ulimi, katika mahali ambapo wazee wengi hawapajui na vijana wetu hukaa humo saa nyingi: michezo ya video inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti.

Yapasa jambo lifahamike kabla ya kutolewa hukumu. Katika michezo hiyo kila mchezaji ana umbo lake linalotembea ndani ya kioo. Katika baadhi yake umewekwa utaratibu wa sauti ya ukaribu: mchezaji husema kwa kipaza sauti, na husikiwa na wale tu ambao maumbo yao yapo karibu na lake. Akisogea mbali, sauti hufifia, kisha hukatika. Humo yumo rafiki, yumo mpinzani, na yumo mgeni asiyejulikana jina wala umri. Mchezo wa Call of Duty: Warzone 2.0 ulikuja na utaratibu huo mwaka 2022, na Lethal Company mwaka 2023. Roblox, unaopendwa sana na watoto, ulianza kuleta sauti ya namna hiyo mwaka 2021, kwa waliothibitisha kuwa wametimiza miaka 13.

Chombo hiki kwa asili yake si haramu. Ndugu wawili waliotenganishwa na bahari huweza kuongea na kucheka kana kwamba wamekaa baraza moja, na anayemwelekeza mgeni wa mchezo kwa upole amefanya wema. Hukumu hufuata matumizi.

Lakini tazameni yanayotendeka. Aliyeshindwa hutukana. Aliyeshinda humsogelea mwenziwe kwa makusudi, ili amkebehi naye asikie. Akikatazwa hujibu kuwa huo ni mchezo tu. Ndugu zangu, umbo lililo katika kioo ni la mchezo. Sikio linalosikia ni la mja wa Mwenyezi Mungu, na huenda ni la mtoto wa miaka tisa. Mola wetu katika Suratul Hujurat ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, wala hakumtoa katika katazo hilo mtu ambaye uso wake hatuuoni.

Mtume (S.A.W.) alituelezea habari za muflisi wa umma wake: ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na Sala, na Saumu, na Zaka, ilhali amemtukana huyu na kumdhulumu yule, basi watagawiwa mema yake, na yakimalizika atabebeshwa maovu yao. Uzingatie hapo, ewe kijana unayesali. Ukimtukana jirani yako, waweza kumwendea kabla ya Magharibi ukamwomba radhi. Yule uliyemtukana mchezoni, mkaachana baada ya dakika ishirini, utamtafuta wapi? Hujui jina lake wala nchi yake. Hilo ni deni ambalo mwenyewe huenda usimpate mpaka Siku ya Hesabu, na siku hiyo hakulipwi kwa dinari wala dirhamu. Umbali huikata sauti yako katika masikio ya wachezaji. Hauifuti katika daftari la Malaika waandishi.

Na aliyekwisha kutenda asikate tamaa. Wanavyuoni wamefundisha kuwa asiyeweza kumpata aliyemkosea atubu kwa kweli, amwombee mtu huyo kheri na maghufira, na azidishe mema.

Enyi wazazi, ipo amana nyingine. Katika Suratun Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu bila ya kupiga hodi. Kipaza sauti kilichoachwa wazi humwingiza mgeni bila hodi: humsikia mama akimwita mwanawe kwa jina, na baba akizungumza habari za deni lake. Na miongoni mwa wageni hao wamo wenye nia mbaya. Mwezi wa Desemba mwaka 2022, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, imekubali kulipa jumla ya dola milioni 520 katika mashauri mawili. Miongoni mwa madai ya Tume ni kuwa mazungumzo ya sauti yaliachwa wazi tangu mwanzo, watoto wakakutanishwa na wageni, na baadhi yao wakatishwa na kusumbuliwa. Ikiwa serikali imeona haja ya kuufunga mlango huo, mzazi aliyekabidhiwa watoto na Mola wake ana wajibu mkubwa zaidi.

Basi kaeni na watoto wenu, mjue wanacheza nini na nani. Wacheze ukumbini, si chumbani mlango umefungwa. Sauti ya mtoto mdogo izimwe, au iwe kwa jamaa na marafiki mnaowajua. Adhana ikiadhiniwa, mchezo uachwe. Nanyi vijana, mkitukanwa msirudishe. Waja wa Mwingi wa Rehema, wajinga wakiwasemesha, hujibu kwa salama. Na huko mchezoni kumwepuka mjinga ni kwepesi: hatua chache tu, na sauti yake haikufikieni tena.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu, wahifadhi watoto wetu, na utusamehe tuliyowakosea waja wako, tunaowajua na tusiowajua. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.