Somo la Redio: Fedha za Kuwalinda Watoto wa Kijiji

Shikeni kalamu na madaftari. Leo tutasoma jambo linalomhusu kila mzazi, kisha tutafanya hesabu ndogo.

Tuseme mama mmoja huenda shambani alfajiri. Baba yuko mbali, wala haleti hata senti. Nyumbani hubaki watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mwaka mmoja. Yule mkubwa ndiye apikaye uji, ndiye mlezi. Shule haendi. Je, mama huyu ni mbaya? Hapana, amelemewa. Lakini watoto wake wamo hatarini. Wasiposaidiwa mapema, kesho tutasikia mtoto ameungua, au mtu mwovu ameingia humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwaka 2009 Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto. Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mwananchi ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa yampasa kutoa habari. Mwaka huohuo vijana wa miaka 13 mpaka 24 waliulizwa juu ya utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2017 ukaanza mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zikaundwa, kuanzia kijiji na mtaa.

Basi, kamati ipo. Lakini kamati isiyo na nauli itafanya nini? Namba 116, simu ya kusaidia watoto, hupigwa bure. Gari la kumpeleka mtoto hospitali usiku si la bure.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme kijiji kina kaya 400. Mkutano mkuu umekubali kila kaya itoe shilingi 500 kila miezi mitatu.

400 × 500 = 200,000
200,000 × 4 = 800,000

Shilingi 800,000 kwa mwaka zitalipa nauli za wajumbe. Zitatoa pia posho kidogo kwa akina mama wawili watakaoangalia watoto wadogo wakati wa palizi. Hapo mama yetu atalima bila hofu, na mwanawe atakwenda shule.

Lakini mchango wetu usiwe sababu ya halmashauri kukaa kimya. Sheria imeipa nayo wajibu wa kuwalinda watoto. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Ombi likifika baada ya hapo, fedha zimekwisha gawanywa. Kwa hiyo simameni mkutanoni mapema, mseme: kamati yetu iwekewe fungu katika bajeti.

Fedha zikipatikana, kila anayetoa apewe stakabadhi. Hesabu isomwe mbele ya wote. Majina ya watoto waliosaidiwa yasisomwe kamwe.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Wajumbe wa kamati ya kijiji chenu ni akina nani?
2. Mwaka jana walipewa shilingi ngapi?
3. Kijiji chenye kaya 250 kitapata kiasi gani kwa mwaka, kwa mchango uleule?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.