Mvua ni Moja: Nilichojifunza Sempaya

(Mazungumzo katika ibada ya shukrani ya maadhimisho, Kyebando, Kampala)

 

Nawasalimu wapendwa wote mliofika. Mliovuka Mpondwe na Bunagana kutoka Kongo, mliopitia Busia na Malaba, mliotoka Tanzania kwa njia ya Mutukula, na ndugu wa Rwanda mliopita Katuna. Najua wengine miguu bado imevimba kwa sababu ya basi. Karibuni nyumbani.

Nimepewa dakika chache na mchungaji ameshaangalia saa. Leo sikuja kuwahubiria. Nimekuja kutubu mbele yenu, na ushuhuda wangu unaanzia kwenye maji ya moto.

Mwaka jana tulikwenda mkutano wa injili Bundibugyo, watu kumi na wanne ndani ya kosta moja. Ukishapita Fort Portal, barabara inazunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, kona juu ya kona, halafu ghafla unaona bonde la mto Semliki liko chini kabisa, na ng'ambo ni Kongo. Ndugu yetu mmoja wa kule alinyamaza akitazama. Msitu ule wa Semuliki umeungana na msitu wa Ituri. Miti haijui mpaka, wapendwa. Mpaka tunaujua sisi wenye vitambulisho.

Chini ya mlima, ndani ya hifadhi ya Semuliki, ndipo penye Sempaya. Mwongozaji alituambia jina hilo limetoka kwa Kiswahili chetu, "sehemu mbaya", kwa vile waliokata barabara zamani walisumbuliwa sana na miamba pale. Kuna chemchemi mbili. Wenyeji huita moja ya kike na nyingine ya kiume. Ya kike iko karibu na barabara, na ile ya kiume unaifuata kwa mguu ndani ya msitu.

Kenya mko na Bogoria, na ndugu wa Rutshuru mnajua Mai ya Moto, kwa hiyo wengine hamtashangaa. Lakini mimi nilishangaa! Maji yanaruka kutoka kwenye mwamba yakiwa yanachemka, mvuke umetanda, na harufu kama ya kiberiti. Hapo huogi, utabambuka ngozi. Tuliweka mayai kwenye kafuko, tukayatumbukiza, na baada ya dakika kama kumi tukamenya tukala. Hakuna kuni, hakuna mkaa.

Mnajua mhubiri akiona kitu kama hicho anafikiri nini. Nilisema moyoni, nimepata mfano wangu! Ufunuo sura ya tatu, kanisa la Laodikia. Moto ni mlokole, baridi ni mwenye dhambi, vuguvugu ni mnafiki. Nimehubiri hivyo miaka kumi na tano, na mmenipigia makofi.

Basi, bonde lile lina joto kali. Kila mtu alikuwa na kiu, na mayai yalituongezea. Kijana mmoja wetu akashuka kidogo pale maji ya chemchemi yanapotambaa kwenye nyasi na kupoa, akachota kwa kiganja, akaonja. Akatema palepale! Yana chumvi, na ni vuguvugu. Mwongozaji akamkemea. Dereva ndiye aliyetuokoa, maana asubuhi alikuwa ameteka maji ya kijito cha mlimani kwenye jerikeni, baridi kabisa. Wapendwa, tuligombania lile jerikeni kama watoto.

Nikiwa na kikombe mkononi, Roho akaniuliza swali. Yale yaliyochemka yalikufaa? Ndiyo, yalipika. Haya baridi yanakufaa? Ndiyo, yananipa uhai. Yaliyotemwa ni yapi? Nikakosa jibu la kubishana.

Niliporudi nikafungua tena vitabu vya chuo cha Biblia. Wakolosai 4:13 inataja miji mitatu ya jirani: Kolosai, Laodikia na Hierapoli. Iko nchi ya Uturuki ya leo. Hierapoli, kama kilomita 10 kutoka Laodikia, ina chemchemi za moto, na watu walikwenda kuoga wapate nafuu. Kolosai, walimu wanaeleza, ilikuwa na maji baridi ya milimani. Laodikia ilikuwa na fedha, lakini maji ilivuta kwa mabomba ya mawe, na mabomba hayo yaliyoziba chokaa yanaonekana mpaka leo. Basi, waliosomewa barua ile walielewa haraka. Moto unafaa, na baridi inafaa.

Na ni Biblia gani inasema baridi ni dhambi? Mathayo 10:42, Yesu anaahidi thawabu kwa kikombe cha maji ya baridi. Mithali 25:25, habari njema kutoka nchi ya mbali inafananishwa na maji ya baridi kwa mwenye kiu. Nchi ya mbali! Si ndiyo sisi?

Sasa toba yangu. Hapa Kyebando tulikuwa na mama mmoja. Jina silitaji. Aliuza mukene soko la Kalerwe. Alikaa kiti cha nyuma, hapazi sauti, haruki, hata Amina yake huisikii. Lakini wageni wetu wa ng'ambo walilala wapi? Kwake. Mkimbizi akifika usiku na watoto, anapelekwa wapi? Kwake. Jumapili moja nikiwa kwenye somo hilo la Laodikia nikamnyoshea kidole. Nikasema, "Kuna watu humu ni baridi kama friji, hata Amina hawana." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Hakurudi tena.

Baada ya Sempaya nilikwenda kwake. Nilikaa mlangoni, sikujua nianzie wapi. Akaniambia, "Mtumishi, kunywa maji kwanza." Akanichotea ya mtungi. Nilipomwomba msamaha alisema amenisamehe zamani, na kwamba yeye huomba usiku watoto wakishalala. Lakini hajarudi. Kidonda cha mimbari hakiponi kwa ziara moja.

Nani alikuwa vuguvugu? Ni mimi. Kelele ninazo, lakini kwa mgonjwa sijafika, na njaa ya jirani siijui. Laodikia walijiona matajiri, na mimi nilijiona wa moto.

Na ugonjwa huu unavuka mipaka. Tumesikia tawi hili likisema, "Wale wa upande ule wamepoa." Wengine wanajibu, "Wale ni kelele tupu." Kila mmoja anauita upande wa mwenzake sehemu mbaya. Wapendwa, wataalamu wanatueleza kwamba maji ya Sempaya ni mvua ya Rwenzori iliyozama kwenye nyufa za ardhi, ikapashwa joto huko chini, ikarudi juu. Kijito kile cha baridi ni mvua ya Rwenzori vilevile. Mlima ule kileleni, mita 5,109, una barafu, na chini maji yanachemka. Mvua ni moja, njia ndizo mbili.

Kwa hiyo mwenye kuruka, aruke. Mwenye kunyamaza na kupika ugali wa wageni, aache kuona haya. Sisi wenye maikrofoni tupunguze vidole. Na kama kuna mtu uliyemwita baridi, kabla hujapanda basi la kurudi, mtafute, mpigie simu.

Kile kiti cha nyuma kiko wazi. Nimeomba mashemasi wasimkalishe mtu. Mniombee.

Mungu awabariki. Amina.