Mwisho wa Vitu vya Faragha



Si desturi ya mimbari kama hii kutajwa juu yake mambo ya kitandani, na wazee waliotulea walikuwa na sababu njema za kuyaweka mambo hayo mikononi mwa makungwi na masomo, nyuma ya mlango uliofungwa, mbali na masikio ya watoto na ya majirani. Walakini haya, ambayo ni sitara ya watu, haikukusudiwa iwe sitara ya vitu. Na kitu kikisha kutoka mlangoni, kikatupwa shimoni, mtaroni au ufukoni, hakimo tena katika faragha ya mtu bali kimeingia katika milki ya umma. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019, na kila mara mijadala ilikuwa mingi na ya wazi, sokoni na bungeni; ilhali taka zitokazo vyumbani mwetu, ambazo nazo zina plastiki, mpira, dawa na madini ndani yake, hazina msemaji. Nimeazimia jioni hii niwe msemaji wao, kwa adabu niwezayo.

Naomba kwanza niweke mizani, maana bila ya mizani mjadala huu hupotea upesi. Wanazuoni wa fikihi walipohesabu makusudio ya sharia waliitaja hifadhi ya nafsi na hifadhi ya nasaba miongoni mwa dharura ambazo mengine yote huzifuata. Sina elimu ya kutoa fatwa, lakini natumia mpangilio wao kwa sababu unanyoosha fikira: mtu anayeacha kinga ya maradhi kwa hoja ya kwamba kinga hiyo huchafua ardhi, amegeuza daraja za mambo, akakitanguliza cha nyuma. Maradhi yenyewe ni mchafuzi mkubwa. Mgonjwa mmoja wa ukimwi, ambaye Mungu amempa umri kwa dawa, atameza vidonge maisha yake yote, na nyuma ya kila kidonge kuna kiwanda, chupa ya plastiki, safari ya meli na vipimo vya maabara. Na kondomu moja iliyotumiwa kwa wakati wake imeyazuia hayo yote. Basi kinachostahili kupunguzwa ni kile cha ziada kinachoizunguka kinga, pamoja na ule uzembe wetu wa kutojua kinakoishia.

Kondomu ya kawaida imetengenezwa kwa utomvu wa mti uitwao na wataalamu Hevea brasiliensis, mzaliwa wa misitu ya Amazon, ambao mbegu zake Mwingereza Henry Wickham alizichukua Brazil mwaka 1876 zikapelekwa bustani ya Kew, na kutoka huko miche ikapandwa Ceylon na Malaya. Hata leo sehemu kubwa ya utomvu wa dunia hugemwa Asia ya kusini-mashariki. Pwani yetu nayo ina sehemu katika tarehe ya mpira. Kabla ya mashamba hayo kushamiri, mpira wa porini ulikuwa ukikusanywa kutoka kwa mitambaazi ya misitu ya Lindi na Kilwa, na Wajerumani wakapanda huko Tanga na Usambara mti mwingine, jamaa ya muhogo, wakitaraji utajiri. Bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yale yalikufa, na kilichobaki kwetu ni majani yake, ambayo hadi leo twayatwanga na kuyapika kwa nazi, tukayaita kisamvu cha mpira. Urithi wa kikoloni ulioishia chunguni ni nadra, na huu mmoja mimi sina ugomvi nao.

Kwa kuwa asili yake ni mti, wako wanaodhani kwamba kondomu huoza kama jani. Si hivyo. Utomvu hutiwa amonia usigande, kisha salfa na kemikali nyingine za kuufanya uvutike bila ya kukatika, na mpira uliopikwa namna hiyo huoza polepole mno, na majini, ambako hewa na joto ni haba, huoza polepole zaidi. Zile za polyurethane, zinazotengenezewa watu ambao miili yao haipatani na utomvu, ni plastiki tupu. Kifuko cha kondomu hakina matumaini yoyote, kwani ni karatasi nyembamba ya alumini iliyogandishwa na plastiki, na hakuna mchuuzi wa chuma chakavu atakayejisumbua kuzitenganisha. Iko aina moja tu iozayo vema, nayo hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo kama zilivyotengenezwa za zamani kabla ya mpira; walakini vinyweleo vya utumbo huo, vilivyo vidogo kiasi cha kuzuia manii, ni vikubwa vya kutosha kupitisha virusi. Tazameni basi jinsi tabia ya vitu isivyojali matamanio yetu: ile iliyo rafiki wa ardhi kuliko zote ndiyo isiyomlinda mtu na ukimwi. Wala kufua na kutumia tena si njia. Mwaka 2018 idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi ililazimika kuwatangazia raia wake waziwazi kwamba wasifanye hivyo, maana watu walikuwa wakifanya; hodari wa kubana matumizi wako kila mahali.

Palipo na kazi ya kufanywa ni mwishoni mwa safari. Katika miji yetu walio wengi hawana mabomba ya majitaka, wana choo cha shimo, na shimo ndilo jaa la siri la kila nyumba: humo huzama kondomu, pedi, vitambaa, nyembe na kila kitu ambacho mwenye nyumba asingependa kionekane na mfagiaji. Shimo likijaa huitwa gari la kunyonya, na mpira wa gari ukikutana na matambara huziba. Hapo ndipo wanapohitajika wale vibarua ambao Dar es Salaam huwaita vyura, wakaingia usiku na kuyatoa kwa mikono yaliyotumbukizwa humo kwa ajili ya staha. Staha ya mmoja imelipwa kwa afya ya mwingine. Kwenye nyumba zenye choo cha kuvuta maji mambo si tofauti, ila kuziba hutokea mbali zaidi, na kilichopita salama huishia baharini. Dawa yake ni nyepesi hata naona haya kuitaja mbele ya hadhara ya wasomi: ifungwe, ivingirishwe katika karatasi, itiwe katika pipa la taka lenye kifuniko. Lakini pipa hilo sharti liwepo, na katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja kwa familia sita, aghalabu halipo.

Sasa nije kwenye mafuta na maji, ambako sifa ya "asilia" imewapoteza wengi. Mafuta ya nazi ni neema ya pwani, na hakuna kungwi asiyeyajua. Lakini mafuta ya namna yoyote, ya nazi, ya mgando au ya kupikia, huula mpira. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 1989, wakaona kwamba dakika moja tu ya kuguswa na mafuta ya madini iliondoa takriban asilimia 90 ya nguvu ya kondomu. Mwenye kutumia kondomu atumie kilainishi cha maji, na hata hicho achague kwa hadhari, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha mwaka 2012 kwamba vilainishi vilivyokolea kupita kiasi hunyonya maji ya utando wa mwili na kuujeruhi. Ndimu, shabu na sabuni kali, ambazo baadhi ya wanawake hujitia kwa kutaka kukaza au kukausha, ni vitu vya asilia au vya dukani vyenye madhara yaleyale: huua vijidudu vyema vinavyoulinda mwili, hukwaruza, na kuyafungulia maradhi mlango. Ardhi haikupata faida yoyote hapo, na mwili umepata hasara.

Lakini katika jambo moja elimu ya masomo wetu imewashinda wenye viwanda. Mwari wa pwani alifunzwa kuwa na vitambaa vyake laini vya pamba, vilivyokatwa kutoka kanga au leso kuukuu, vilivyofuliwa, kuanikwa, kufukizwa udi na kukunjwa mahali pake, vya kumpangusia mumewe na kujipangusia mwenyewe baada ya unyumba. Leo vitambaa hivyo vimechukuliwa nafasi na karatasi zenye unyevu za kwenye pakiti, ambazo nyingi, zijapokuwa laini kama pamba, zimefumwa kwa nyuzi za plastiki, zimetiwa manukato yanayowasha, na hazimung'unyuki chooni asilani. Tumeacha chetu tukanunua taka. Vivyo hivyo na harufu: asumini, mrehani, kilua na udi hufanya kazi yake chumbani na nguoni, wala havikukusudiwa kuingizwa mwilini. Na kuhusu josho, mafundisho tuliyolelewa nayo yanakataza israfu ya maji hata kwa mtu aliyesimama kando ya mto, na sioni mtaalamu wa mazingira aliyeongeza neno juu ya hilo.

Yapo pia yasiyoonekana kwa macho. Homoni zilizomo katika vidonge vya uzazi wa mpango hutoka na mkojo, na mitambo mingi ya kusafishia majitaka haizimalizi. Nchini Canada, mkoani Ontario, wanasayansi walitia homoni hiyo katika ziwa dogo la majaribio kuanzia mwaka 2001 hadi 2003, kwa kipimo cha nanogramu tano au sita tu kwa lita; samaki wadogo wa kiume wakaanza kuchukua sifa za kike, na ukoo wao ukakaribia kutoweka ziwani humo. Khabari hii ilipochapishwa mwaka 2007 wengi waliishika kwa pupa ili kuwalaumu wanawake. Insafu yataka isemwe kwamba homoni za kike huingia majini kutoka kwa kila kiumbe, mifugo ikiwamo, na kwamba samaki wa ziwa lile walirudi baada ya homoni kukomeshwa. Lakini anayetaka kuchagua kwa hesabu aweza kuhesabu: mwanamke anayemeza vidonge kwa miaka kumi atamaliza pakiti zipatazo 130, anayechomwa sindano kila miezi mitatu ataacha nyuma yake sindano 40 za kuteketezwa, na aliyewekewa kitanzi cha shaba, kidumucho miaka kumi au zaidi, atakuwa ametumia takriban miligramu 300 za shaba na kijiplastiki kisichojaa kiganja. Kitanzi hakizuii maradhi, wala hakimfai kila mwanamke, na chaguo ni lake yeye na mganga wake. Nataka tu ajue kwamba katika jambo hili hesabu ya ardhi na hesabu ya mfuko wake zinakubaliana.

Mas'ala ya hedhi yana uhusiano wa karibu na haya. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei haikushuka. Kikombe cha hedhi, ambacho kimoja chaweza kutumika hata miaka kumi, kilichunguzwa katika mapitio ya utafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019, na kikaonekana salama na kisichovuja zaidi ya pedi. Lakini kikombe chataka maji safi na sufuria ya kuchemshia, na vitambaa vya kufua vyataka jua. Hapa ndipo haya inapodhuru kweli: msichana afuaye sodo zake akazianika chini ya godoro zisionwe na kaka zake amezinyima jua, zikabaki na unyevu, na muwasho anaoupata huhesabiwa kuwa kosa la kitambaa.

Kisha nisiinyamazie hoja moja iliyozagaa, ya kwamba mchango mkubwa wa unyumba kwa mazingira ni kuzaa watoto wachache. Mtanzania wa wastani hutoa angani chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka; Mmarekani hutoa zaidi ya tani kumi. Kumwendea mama wa Kigoma kwa hoja hiyo ni kumdai deni la mwingine. Kupanga uzazi kwa ajili ya afya ya mama na malezi ya watoto ni jambo jingine, la zamani na la heshima. Imamu Ghazali, katika karne ya kumi na moja na mwanzo wa kumi na mbili, alikwisha kuijadili azili, yaani kumwaga manii nje, na kuihalalisha kwa sababu kadha wa kadha, ikiwamo kuepuka dhiki ya wingi wa wana. Na mpango wa TACARE, ulioanzishwa Kigoma mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall, ulifaa kwa kuwa ulipeleka miche na maji na huduma za uzazi kwa pamoja, kwa watu waliozitaka.

Nikirudi kwenye taka, mwenye uwezo mkubwa wa kuzipunguza ni yule anunuaye kwa mamilioni, na wawili walio chumbani uwezo wao ni mdogo mno. Kondomu nyingi zinazogawiwa bure katika nchi zetu hununuliwa na serikali na mashirika ya kimataifa, na lile la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu limekuwa likiwahimiza watengenezaji watazame maji, moshi na taka za viwanda vyao. Wizara zetu nazo ziandike katika zabuni zao namna ya kifuko, aina ya kilainishi na gharama ya kuzoa; na halmashauri, ambazo hutoza ushuru wa taka kila mwezi, ziweke pipa lenye kifuniko katika kila choo cha umma, cha kike na cha kiume, kabla hazijamtuma chura mwingine kuingia shimoni.